Giaboksi ya ndege inayodumu: mwongozo kamili, kutoka karatasini hadi jukwaa la majaribio

Simama kando ya uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi, Uganda, asubuhi uitazame Cessna Caravan ikijiandaa kuruka. Propela yake inazunguka mara 1,900 kwa dakika. Nyuma ya propela hiyo, ndani ya injini ya PT6A, turbini inayoiendesha inazunguka karibu mara 33,000. Katikati kuna gia za hatua mbili, zimefungwa kwenye kasha ambalo mtu mzima anaweza kulikumbatia, na zinapitisha nguvu za farasi 675 kwa maelfu ya saa.

Kila mwaka huwa nakutana na vijana wa uhandisi wenye swali lilelile: "Mwalimu, tuna injini ya gari yenye turbo. Tukitaka kuitia kwenye ndege ndogo, giaboksi tuichonge kwa mafundi wa Katwe, Kampala?" Jibu langu ni kwamba sehemu yake mnaweza kuichonga, na sehemu nyingine msithubutu. Mwongozo huu unaonyesha mpaka uko wapi. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: injini ya silinda nne yenye kilowati 150, yaani farasi 200 hivi, inayotoa nguvu hizo kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika.

Hatua ya kwanza: hakikisha unaihitaji

Giaboksi ni uzito, ni joto, na ni kitu kimoja zaidi cha kuvunjika. Cessna 172 haina giaboksi. Injini yake ya Lycoming ni kubwa na ya polepole, na inaizungusha propela moja kwa moja. Anayeweza kufanya hivyo na afanye.

Injini ya gari hairuhusu. Propela ya kipenyo cha mita 1.9 ikizungushwa mara 5,500, ncha zake zitakwenda mita 547 kwa sekunde, na sauti yenyewe husafiri mita 340 hivi. Utapata kelele ya kutisha na msukumo kiduchu. Ukiishusha hadi mizunguko 2,300, ncha zinakwenda mita 229 kwa sekunde, na hapo propela inafanya kazi vizuri. Uwiano unaohitajika basi ni 5,500 gawanya kwa 2,300, yaani 2.39.

Hatua ya pili: piga hesabu ya torki, kisha chagua meno

Torki, yaani nguvu ya kusokota, ni 9,549 mara kilowati, gawanya kwa mizunguko kwa dakika. Upande wa injini tunapata nyutoni-mita 260. Upande wa propela tunapata 623. Hapo ndipo wengi hushtuka: giaboksi inapunguza mwendo lakini inazidisha msokoto, hivyo shafti ya propela ndiyo inayobeba mzigo mzito.

Kwa meno, chagua 23 kwa gia ndogo na 55 kwa gia kubwa. Kwa nini isiwe 24 na 56? Kwa sababu 23 na 55 hazina kigawo cha pamoja. Kila jino la gia ndogo litakutana na kila jino la gia kubwa kabla ya kurudi kwa lile la kwanza, na uchakavu utasambaa sawasawa. Ukiweka namba zinazogawanyika, jino lenye kasoro litaligonga jirani lilelile hadi limtoboe.

Hatua ya tatu: mzigo usioonekana

Hatua hii ndiyo imeua giaboksi nyingi za kienyeji kuliko nyingine zote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Ile torki ya 260 ni wastani tu. Injini ya pistoni haisukumi kama maji ya mto. Inapiga kama mchi kwenye kinu. Silinda nne za mipigo minne hulipuka mara mbili kila mzunguko. Injini ikiwa inanguruma taratibu kwenye mizunguko 900, hiyo ni mipigo 30 kwa sekunde. Kwenye 5,500 ni 183. Kati ya mpigo na mpigo torki hushuka, na mara nyingine hugeuka kabisa: propela, ambayo ni nzito na haipendi kubadili mwendo, inakuwa ndiyo inayoisukuma injini. Meno yanaachana, yanavuka ule uwazi mafundi wanaouita plei, yanagongana upande wa pili, kisha yanarudi. Hiyo ndiyo kelele ya kokoto unayoisikia kwenye giaboksi mbaya ikiwa kwenye mwendo wa chini.

Jambo baya zaidi ni resonansi. Mtoto kwenye bembea ukimsukuma kwa wakati wake, hata kwa kidole, atafika juu sana. Injini upande mmoja, propela upande mwingine, na shafti katikati ni bembea ya kusokota, nayo ina wakati wake. Mipigo ya injini ikiangukia wakati huo, shafti nene kama mkono wa mtu inaweza kukatika ndani ya dakika chache, na mtu akalaumu chuma bure.

Dawa ni kuweka kiungo laini cha mpira kati ya injini na giaboksi, ili wakati wa bembea ushuke chini ya mwendo wa kunguruma. Tupige hesabu. Chukua propela yenye inesha, yaani ukaidi wa kitu kubadili mwendo wa kuzunguka, ya kilo-mita za mraba 1.0. Ukiitazama kutoka upande wa injini, unaigawanya kwa mraba wa uwiano, yaani 5.72, na unabaki na 0.175. Injini na gurudumu lake tuseme ni 0.10. Zikiunganishwa, inesha inayohusika ni 0.0636. Tukitaka bembea iwe mara 20 kwa sekunde, chini kabisa ya ile mipigo 30, kiungo kinatakiwa kiwe na ukakamavu wa nyutoni-mita 1,000 kwa radiani. Maana yake, kwenye nguvu kamili kiungo kitajisokota nyuzi 15 hivi. Mtu akikiona kiungo kilaini namna hiyo hudhani kimeharibika, kumbe ndicho kinachoyaokoa meno.

Inesha hizo usizichukue kwangu. Tundika propela yako kwa kamba mbili zinazolingana, isokote kidogo, pima muda wa kuyumba kwake, na upige hesabu. Ni kazi ya nusu saa chini ya mwembe.

Tena mfundishe rubani asikurupuke na throto, yaani mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu za injini. Kuivuta ghafla angani kunaigeuza torki na kuyabamiza meno upande wa nyuma.

Hatua ya nne: mpangilio

Kwa kilowati 150 na uwiano wa 2.39, gia mbili zilizokaa sambamba zinatosha. Injini ya Rotax 912 ULS inafanya hivyohivyo kwa uwiano wa 2.43.

Nguvu zikiwa kubwa, au uwiano ukizidi tatu, nenda kwenye gia za sayari: gia ya jua katikati, sayari zikiizunguka, na pete yenye meno ya ndani. Mzigo unagawanywa kati ya sayari tatu, nne au tano, ndiyo maana kasha linabaki dogo. Katika injini ya Pratt & Whitney PW1000G, gia za aina hii huliacha feni lizunguke karibu theluthi moja ya mwendo wa turbini inayoliendesha. Lakini mzigo hugawanyika sawa pale tu vipimo vinapokuwa sahihi. Sayari moja ikiwa imechongwa mbele kwa sehemu ya mia ya milimita, hiyo moja itafanya kazi ya wenzake. Kwa mradi wa kwanza, msianzie huko.

Hatua ya tano: ukubwa wa meno

Moduli ni kipenyo cha gia kwa milimita, gawanya kwa idadi ya meno. Kwa moduli ya 3.5, gia ndogo ina kipenyo cha milimita 80.5, na umbali kati ya shafti mbili ni milimita 136.5. Nguvu inayolisukuma jino ni nyutoni 6,470 hivi. Tupe jino upana wa milimita 40.

Kwa ISO 6336, kanuni za kimataifa za hesabu za gia, mgandamizo pale meno yanapogusana, kabla ya kuongeza chochote, ni megapaskali 700. Sasa ongeza ukweli wa maisha: mipigo ya injini mara 1.75, mtetemo wa meno yenyewe mara 1.15, na kupinda kwa shafti kunakoupeleka mzigo ukingoni mara 1.3. Hizo zinauzidisha mzigo, na mgandamizo hufuata kipeuo cha pili cha mzigo, kwa hiyo unapanda hadi karibu 1,140. Chuma kilicholishwa kaboni, cha ubora wa kati, kinavumilia 1,500 hivi. Tumebaki na akiba ya karibu theluthi moja, na sitamruhusu mwanafunzi aipunguze ili apate uzito mdogo kwenye ripoti.

Kumbuka pia kupunguza unene wa jino kidogo sana karibu na ncha. Jino lililobeba mzigo hupinda, na linalofuata huingia kabla ya wakati na kujichuna. Kipimo chake ni mikroni kadhaa tu, lakini gia isiyo nayo hupiga kelele na kuchubuka mapema.

Hatua ya sita: chuma na moto

Hapa ndipo nasema msithubutu. Viwanda vyetu vya Jinja na Tororo vinatoa nondo nzuri za kujengea, nyingi zikitokana na vyuma chakavu. Nondo haiwi gia ya ndege. Gia hizi hutengenezwa kwa chuma kama AISI 9310, chenye nikeli asilimia tatu na kidogo na kaboni asilimia 0.10 tu, tena kile kilichoyeyushwa mara mbili ndani ya ombwe ili takataka zitoke. Punje moja ya uchafu chini ya ngozi ya jino inatosha kuzaa ufa. Na hesabu ya mizunguko haina huruma: saa 2,000 za kuruka ni mara milioni 660 kwa kila jino la gia ndogo. Agizeni chuma chenye cheti cha kundi lake la uyeyushaji, na namba hiyo ifuatane na kila kipande hadi mwisho.

Uchongaji wa awali unaweza kufanyika hapa nyumbani. Taasisi ya Utafiti wa Viwanda ina kituo cha uchongaji Namanve, na kasha la alumini pamoja na vifaa vya kufungia ni kazi ambayo mafundi wetu wanaiweza kabisa.

Baada ya kuchonga, gia hulishwa kaboni katika tanuru, kisha hupozwa ghafla kwenye oili. Lengo ni ngozi yenye ugumu wa 58 hadi 62 kwa kipimo cha Rockwell C na kiini laini zaidi, chini kidogo ya 40. Ngozi inazuia vishimo, kiini kinazuia jino lisivunjike kama biskuti. Kwa moduli yetu, unene wa ngozi baada ya kusaga uwe milimita 0.5 hadi 0.7.

Nilivyojifunza hilo ni kwa gharama yangu mwenyewe. Gia yetu ya kwanza tuliipeleka kwenye karakana moja ambayo sitaitaja. Ilitoka kwenye tanuru imepinda. Fundi wa kusaga, kwa nia njema, akainyoosha kwa kukata zaidi upande mmoja wa meno, na hakutuambia. Upande huo ulibaki na ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwenye jukwaa la majaribio ilikwenda saa kumi na moja, kisha sumaku inayonasa vipande vya chuma kwenye oili ikaota manyoya. Tangu siku hiyo kila kundi la gia linaingia kwenye tanuru na kipande cha mfano cha chuma kilekile, ambacho hukatwa na kupimwa ugumu kutoka ngozi hadi ndani, na anayesaga anaandika kiasi alichoondoa kila upande wa jino. Kupitisha tupa juu ya jino na kusema "ngumu hii" si kipimo.

Jiwe la kusagia nalo lina hila yake. Likibanwa sana huunguza ngozi ya jino pasipo alama unayoweza kuiona kwa macho. Osha gia kwa asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti. Palipoungua patabadilika rangi. Halafu kagua nyufa kwa sumaku na unga wa chuma. Mwisho, pigisha mizizi ya meno kwa risasi ndogo za chuma, ili ngozi ya hapo ibaki imebanwa na ufa upate taabu kufunguka.

Hatua ya saba: beringi na kasha

Wengi huchagua beringi kwa kuangalia nguvu ya meno na msukumo wa propela, wakasahau kwamba propela ni kama pia, ile ambayo watoto huizungusha chini kwa kamba. Pia inayozunguka hukataa kugeuzwa. Kanuni za Marekani za ndege ndogo zilizotumika hadi 2017, ambazo zimezoeleka kwa hesabu hii, zilichukua mgeuko wa radiani 2.5 kwa sekunde. Propela yetu itajibu kwa nyutoni-mita 600, karibu sawa na torki yote ya shafti ya propela! Beringi mbili za shafti zikiachana milimita 120, kila moja inapokea nyutoni 5,000 kutokana na jambo hilo peke yake. Zitenganishe zaidi ukiweza, na kasha liwe na mbavu nene mbele. Kasha likinyumbuka, meno yanapinda, na ile 1.3 ya hatua ya tano inakuwa 2 bila wewe kujua.

Kumbuka pia kwamba alumini hutanuka kuliko chuma. Beringi iliyokaza vizuri kwenye baridi ya asubuhi inaweza kulegea kasha likipata moto.

Hatua ya nane: oili

Tukikadiria upotevu wa asilimia 2, kilowati 3 zinageuka joto. Hizo ni birika mbili za umeme zikichemka ndani ya kasha moja, bila kuzimwa. Kwenye mwendo wa mita 23 kwa sekunde kuchovya gia kwenye oili hakufai. Itaichapa kama unga wa mandazi na kuongeza joto. Tumia pampu na vijitundu vya kurushia, kiasi kidogo pale meno yanapoingiana na kingi pale yanapoachana, maana ndipo joto linapotakiwa kuondolewa.

Mimi napendelea oili ya giaboksi isichangamane na ya injini. Oili ya injini hubeba masizi na petroli, na anayetumia petroli ya ndege yenye risasi huongeza tope la risasi.

Kwenye kila njia ya kurudi weka sumaku.

Hatua ya tisa: jukwaa la majaribio

Kuna mtego wetu sisi wa nyanda za juu. Entebbe iko mita 1,153 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni pungufu kwa kama asilimia 10. Injini isiyo na turbo ikijaribiwa Kampala haitoi nguvu zake zote. Giaboksi itafaulu, kila mtu atapiga makofi, kisha ndege itakwenda Mombasa au Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza meno yatakutana na mzigo kamili, angani. Kwa hiyo usipime giaboksi kwa injini unayoisikia ikinguruma. Ipime kwa torki unayoisoma kwenye kipimo.

Njia nafuu ni kufunga giaboksi mbili mgongo kwa mgongo, shafti za kasi zikiungana upande mmoja na za polepole upande mwingine. Kabla ya kuwasha, legeza bamba la kiungo cha upande wa kasi, lisokote kwa mkono wa mita moja wenye uzito wa kilo 26 na nusu mwishoni, kisha likaze likiwa limesokotwa hivyo. Tayari gia zinabeba nyutoni-mita 260, na hata hazijazunguka. Mota ya umeme inalipia upotevu tu, kilowati 6 kwa giaboksi zote mbili. Mota ya kilowati 11 ya awamu tatu inatosha kujaribu kitu cha kilowati 150. Zungusha bamba kwa uzito mkubwa zaidi ukitaka asilimia 125.

Endesha saa 150, muda ambao kanuni za Marekani hudai kwa jaribio la uvumilivu la injini nzima. Kwa bahati nzuri namba hiyo inakubaliana na hesabu: saa 150 kwenye mizunguko 5,500 ni mara milioni 50, na hapo ndipo ISO 6336 inapoweka kona ya mchoro wa vishimo (mchoro wa mgandamizo ambao jino huvumilia kwa idadi fulani ya mizunguko) kwa chuma cha aina hii. Simamisha kila baada ya saa 10, tazama sumaku, piga picha jino lilelile kutoka pembe ileile. Mapema kabisa utaona ukungu wa kijivu chini ya mstari wa katikati ya jino. Hivyo ni vishimo vidogo mno vinaanza, na mara nyingi tatizo ni oili nyembamba au uso uliosagwa kwa ukali.

Halafu fanya jaribio ambalo hakuna anayelipenda: funga oili. Helikopta kubwa hutakiwa zionyeshe giaboksi ikiendelea dakika 30 baada ya oili kupotea. Yako ndogo haina sheria hiyo, lakini kutoka Kidepo, kaskazini-mashariki mwa Uganda, hadi mahali pa kutua palipo salama si mwendo wa dakika tano.

Kumbuka pia kwamba jukwaa hili halina mipigo ya pistoni. Likimalizika, funga giaboksi kwenye injini halisi na propela halisi, bandika vipimo vya msokoto kwenye shafti, na upande taratibu kutoka mwendo wa kunguruma hadi wa juu ukitafuta mahali bembea inapoamka.

Hatua ya kumi: ukaguzi, na kwa nini sumaku haitoshi

Tarehe 29 Aprili 2016 helikopta ya EC225 Super Puma ilianguka karibu na Turøy, Norway, na watu 13 wakafa. Rota kuu ilichomoka ikaondoka peke yake. Wachunguzi walikuta gia moja ya sayari ya hatua ya pili imevunjika kwa uchovu wa chuma. Ufa ulianzia kwenye kishimo kidogo upande wa ndani, ambao ndio njia ya beringi, ukatambaa chini ya ngozi bila kumwaga vipande vya kutosha kugunduliwa na sumaku. Gia ya sayari ni jino kwa nje na beringi kwa ndani, na ukuta kati yao ni mwembamba. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwaambia wanaoanza wasikimbilie sayari.

Kwa hiyo, pamoja na sumaku, weka kipima mtetemo kwenye kasha na uhifadhi rekodi ya kila safari. Chukua sampuli ya oili kila saa 25 mwanzoni. Fungua giaboksi ya kwanza kwenye saa 100 hata kama inaimba vizuri, na tupa kabisa gia yoyote iliyowahi kudondoka sakafuni au ambayo propela yake iligonga ardhi. Fundi atakayekuambia "nimeiangalia, iko sawa" mwombe karatasi ya ukaguzi wa sumaku.

Na kabla ya safari ya kwanza peleka faili lote kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda pale Entebbe: vyeti vya chuma, vipande vya mfano vilivyokatwa, rekodi za saa 150, picha za meno. Wapelekee mapema, wakati bado mnachora. Swali lao la kwanza kuhusu torki mliyotumia kwenye majaribio mtakuwa mmeshalijibu kwa kile kipimo cha mkono wa mita moja.